Mkasi Ndio Kipupwe

Ukitoka Kyela kwenda Dodoma kwa basi, kinachokwambia umekaribia kufika ni beseni. Barabara ya kutoka Iringa inavuka Ruaha pale Mtera, inakata mibuyu na vichaka vya miiba kwa muda mrefu hadi abiria wananyamaza, halafu mkifika maeneo ya Mpunguzi wanawake wanalikimbilia basi na mabeseni kichwani. Ndani mna zabibu nyeusi zilizofunikwa na kitu kama vumbi. Mara ya kwanza nilizifuta kwa kanga ya jirani yangu wa siti, naye akanicheka: lile si vumbi, ni nta ya tunda lenyewe, na ukiifuta umeiharibu. Kilomita chache mbele, kabla ya mji, iko Bihawana. Safari hiyo nilishuka hapo.

Mimi ni mtu wa Ndandalo. Kwetu maji hayatafutwi, yanakuja yenyewe, na mara nyingine yanaingia mpaka jikoni. Mvua ya Kyela hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inashuka na maji ya milimani kuyaleta kwenye tambarare ambako sisi tumepanda mpunga, ndizi, michikichi na kakao. Mvinyo tuliujua kanisani tu. Siku ya Meza ya Bwana kikombe kilipita, ukaonja tone chungu lenye utamu nyuma yake, ukarudi kukaa. Kinywaji cha wazee kilikuwa kimpumu, ulezi uliochachushwa, wanaukalia wakizungukana, maji ya moto yakiongezwa na mirija ikipokezanwa. Kwamba lile tone la kanisani lilitoka kwenye mti ambao mtu anaupanda nyuma ya nyumba yake, ndani ya nchi hii hii, sikuwahi kulifikiria.

Bihawana ni misheni ya Kikatoliki. Zabibu zilipandwa pale, kwa hesabu inayokubaliwa na wengi, mwaka 1957, na mapadre wa Shirika la Mateso. Hawa ni Wapasionisti, wengi wao Waitaliano, waliokuwa wamekabidhiwa eneo la Dodoma tangu miaka ya 1930. Hesabu hiyo ikifuatwa, mwaka 2027 mizabibu ya Bihawana itatimiza miaka 70. Sijui kama kuna atakayepiga ngoma. Taasisi nyingi nchini zilizotimiza umri huo zina kitabu chenye picha ya mwenyekiti kwenye jalada. Mzabibu hauna mwenyekiti, na ndiyo maana nimeona niuandikie mimi.

Sababu ya kuupanda ilikuwa nyepesi na ilikuwa ya lazima. Sheria ya Kanisa inataka divai ya misa iwe ya asili, iliyotokana na tunda la mzabibu, isiyoharibika. Togwa haifai, asali haifai, juisi ya embe haifai hata ikichacha vizuri namna gani. Kwa hiyo padre aliyekaa Ugogo alikuwa na njia mbili tu: aagize divai ng'ambo, ipande meli hadi Dar es Salaam na treni ya Reli ya Kati hadi Dodoma, chupa ikivunjika imevunjika, au achimbe shimo apande. Watu waliotoka Italia, ambako familia nyingi za kijijini zina kamba kadhaa za mizabibu ukutani, wasingeshindwa kuchimba shimo.

Ila walichimba wapi! Ugogo ni nchi ya mtama, uwele na ng'ombe, nchi ambayo historia yake imehesabiwa kwa njaa. Wazee bado wanaitaja Mtunya, njaa iliyofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, miaka ya 1918 hadi 1920, iliyomaliza watu wengi. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida inafika milimita 500 na kitu, chini ya theluthi moja ya ile ya kwetu. Mtu wa Ndandalo akiitazama ile ardhi nyekundu mwezi wa Septemba anatamani kuipelekea ndoo.

Na hapo ndipo nilipojifunza kuwa nilikuwa naiona dunia kwa macho ya mgomba. Mgomba ukikosa maji wiki mbili unakwambia. Mzabibu unashusha mzizi chini, mita kadhaa, unatafuta. Ukipewa maji mengi karibu na uso wa udongo unanenepa majani, tunda linakuwa kubwa lenye maji ndani, sukari imezimuliwa. Na majani mengi yakisongamana huingia ukungu: ubwiri unga unaoonekana kama majivu juu ya jani, na ubwiri vinyoya unaojificha upande wa chini. Jua kali, hewa kavu na kiu ya kiasi ndivyo vinavyolipa tunda sukari, na sukari ndiyo ambayo hamira huigeuza kuwa kileo. Kwa lugha nyingine, kile tulichokuwa tunawahurumia Wagogo nacho ndicho walichouza.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo ukame hauwezi kulitatua, nalo ni usingizi.

Mzabibu kwa asili ni mti wa nchi zenye baridi ya msimu. Kwenye bonde la Mosel Ujerumani, au Champagne kule Ufaransa, ambako mashamba madogo ya familia yamening'inia kwenye miteremko tangu zamani, majani yanaanguka kabla ya Desemba na mti unalala kama mkavu hadi machipukizi ya masika ya kwao. Mwaka mzima una mavuno ya mara moja tu. Familia inavuna kwenye mwezi wa Septemba au Oktoba, inakamua, inasubiri pipani, na wakati wa theluji wanapogolea matawi yaliyolala. Baridi inafanya kazi ambayo hakuna anayeilipia: inauambia mti kwamba mwaka umekwisha.

Nani atauambia mti huo Dodoma? Mji uko juu kiasi, mita zaidi ya 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kipupwe cha Juni na Julai kinawavalisha watu makoti, usiku ukishuka hadi nyuzi 13 au 14. Kwa mgeni wa pwani hiyo ni baridi. Kwa mzabibu ni hali ya hewa ya kawaida tu, hautalala kwa hilo. Ukiachwa utaendelea kuchipua, kuchanua na kuzaa kwa wakati mmoja, tawi hili lina ua, lile lina tunda bivu, jingine limechoka, na mwishowe mti wote umechoka.

Jibu lilikuwa mkasi. Unapogolea, unaondoa karibu kila kilichoota, unauacha mti kisiki chenye vidole vifupi, na mti unadhani umepita msimu wa baridi. Machipukizi yanatoka, na baada ya takriban miezi minne unavuna. Kisha unaupumzisha kidogo, unaukata tena. Kwa hiyo Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka: mavuno ya kwanza yanaangukia Februari na Machi, mvua ikiwapo na ubwiri ukiwapo, ya pili Agosti na Septemba, makavu, matamu zaidi, ndiyo mavuno wanayoyasifia. Mkulima mmoja wa huko, mtu mzima mwenye vidole vilivyopinda kwa kushika mkasi, alinieleza kwa sentensi ambayo sijaisahau: "Wazungu wana baridi, sisi tuna mkasi."

Hata kwenye baridi ya kweli ya Afrika Mashariki mambo ni hayo hayo. Marehemu Richard Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, aliamua kulima zabibu za Pinot Noir ukingoni mwa Bonde la Ufa upande wa Ngong, mahali penye upepo unaokata masikio. Pinot Noir ni zabibu ya ubaridi, haina subira na joto. Mwinuko ulimpa ubaridi. Haukumpa majira. Aliye karibu na ikweta, awe juu ya mlima au chini, usingizi wa mti wake ataukata kwa mkono. Na kabla msomaji wa Njombe hajanikumbusha, naukumbuka ulanzi pia: nyanda zile za ukungu ambazo basi letu linazipita kabla ya Iringa zina kileo chao cha familia, kinachodondoka kwenye ncha ya mwanzi mchanga kila anapoukata mwenye nao, asubuhi na jioni, kipindi cha mvua. Huko nako kisu ndicho kinachoamua lini.

Turudi Bihawana. Zabibu za misheni hazikukaa misheni. Vibarua waliokwenda kupogolea walirudi nyumbani na matawi yaliyokatwa, na tawi la mzabibu ni mbegu tosha: pingili tatu ardhini, moja au mbili juu, umwagilie, usubiri. Tunda la kwanza la maana linakuja kama miaka miwili au mitatu baadaye. Hivyo ndivyo taasisi zetu nyingi za kweli zinavyoenea, bila uzinduzi. Katika miaka ya 1960 Gereza la Isanga, pale pale Dodoma, nalo likawa na shamba la zabibu, na wapo waliotoka kifungoni na ujuzi ambao hawakwenda nao.

Kisha Serikali ikaingia. Mwaka 1971 ilikuja Operesheni Dodoma, Wagogo waliokuwa wametawanyika na mifugo yao wakahamishiwa vijijini, na mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu yahamie Dodoma. Vijiji vipya vilihitaji zao la fedha, na mtama haukuwa zao la fedha. Zabibu ikawa jibu. Yalipandwa mashamba ya vijiji, ya shule, ya ushirika, na kwenye ekari za watu binafsi. Makutupora, kaskazini mwa mji, kikawekwa kituo cha utafiti wa zabibu, ambacho leo kiko chini ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, na jina lake limebaki kwenye aina ya zabibu nyekundu ambayo wakulima huiita Makutupora tu. Pamoja na Chenin Blanc nyeupe na Syrah, ndiyo utakayoisikia zaidi ukiuliza shamba lina nini.

Ikazaliwa DOWICO, kampuni ya umma ya mvinyo ya Dodoma. Kwa kizazi cha miaka ya 1980 jina hilo lilikuwa sawa na mvinyo wenyewe. Shamba lilikuwa na mnunuzi mmoja, bei moja, lori moja. Nilipouliza watu wa Mpunguzi kuhusu enzi hizo, wengine walitabasamu na wengine walitema mate, na nadhani wote walikuwa sahihi. Mnunuzi mmoja ni raha siku anayolipa. Mashirika ya umma yalipoanza kuyumba na soko likafunguliwa, kampuni ikaporomoka, na katika miaka ya 1990 zabibu zikabaki mashambani. Watu wakang'oa mizabibu wakarudi kwenye mtama. Wengine hawakung'oa, walishindwa tu kununua salfa, mchwa wakala nguzo, waya ukalala chini na mbuzi wakamaliza.

Hapa inabidi nisimame kidogo na kakao yetu, kwa sababu ndiyo iliyonisaidia kuelewa ukubwa wa msiba ule. Kakao ya Ndandalo ukiipasua unaivundika, umeifunika kwa majani ya mgomba, karibu wiki. Kisha unaianika juani. Ikishakauka inaweza kukaa. Unaipeleka ghala la chama cha msingi, unasubiri mnada, bei ikiwa mbaya unaweza walau kuinunia. Zabibu hairuhusu kununa. Kichala kilichokatwa asubuhi, katika jua la Dodoma, kesho kimeanza kulegea, keshokutwa kina nyuki, na siku ya nne mwenye lori anajua kuwa unajua. Hakuna mkulima mnyonge kuliko mwenye tunda bivu na mnunuzi mmoja.

Kilichookoa zao hili, kwa maoni yangu, ni kitu ambacho hakina jina la kuvutia. Wanakiita mchuzi. Mchuzi wa zabibu ni zabibu iliyokamuliwa na kuchachushwa, ikakaa kwenye tangi kabla ya kuchujwa na kutiwa chupani kwa jina la mtu mwingine. Mwenye tangi ana muda. Anaweza kuhifadhi miezi, akamwambia mwenye kiwanda kwamba bei hiyo hapana. Wasindikaji wadogo wakaanza kutokea, mtu na mkewe, mtu na nduguze, kikundi cha kina mama chenye matangi ya plastiki na ya chuma kisichoshika kutu kwenye chumba chenye sakafu inayoteleza na harufu inayokulewesha mlangoni. Usafi ndio mtaji mkubwa kuliko mashine. Hewa ikiingia tangini mchuzi unageuka siki, na siki haina mnada.

Wanunuzi wakubwa nao walirudi kwa sura nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda cha Cetawico kilianzishwa Hombolo kwa mtaji wa Kiitaliano, kana kwamba wale mapadre walikuwa wametuma barua nyumbani na jibu limechelewa. Alko Vintages ikaja na Dompo, chupa ambayo nimeikuta madukani hata Kyela mjini, karibu na sabuni. Tanzania Distilleries, watu wa Konyagi, wakauza mvinyo ulioandikwa Dodoma. Na sheria ya ushuru ikaupendelea mvinyo wenye zabibu za nyumbani kwa zaidi ya asilimia 75, ukitozwa kidogo kuliko ule wa nje, kwa sababu wazalishaji wa Afrika Kusini wanatengeneza kwa wingi na meli ni rahisi siku hizi kuliko enzi za padre. Kule Chinangali, wilayani Chamwino, likalimwa shamba kubwa la umwagiliaji wa matone ambamo wanachama wamegawiwa ekari zao, mistari imenyooka kama daftari. Nimewahi kuliona kwa mbali. Lilinivutia, lakini sikushuka.

Nilishuka Bihawana, kama nilivyosema, na kutoka hapo nikapelekwa kwa yule mwenye vidole vilivyopinda. Ana ekari moja na nusu. Baba yake alikuwa kibarua wa misheni, na mizabibu ya kwanza ilitokana na matawi aliyobeba begani. Alinipokea kwa "Mbukwenyi," nikajibu vibaya, akanisamehe kwa sababu ya umbali nilikotoka. Tulizunguka shamba polepole. Nguzo za zamani ni za miti, za karibuni ni za zege, kwa sababu ya mchwa. Mke wake ndiye anayepulizia dawa, akiwa na bomba mgongoni na kitambaa puani. Yeye mzee kifua hakimruhusu tena. Mabinti wawili wanavuna wanaporudi likizo. Kijana wa kiume anataka wauze nusu.

Hapo kwenye kuuza ndipo historia hii inapouma. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma kwa dhati kuanzia mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ardhi ya pembezoni imepata bei ambayo zabibu haiwezi kushindana nayo. Ekari ya mizabibu ukiikata viwanja, kila kiwanja kina mnunuzi mwenye gari. Zao lililopandwa ili liwape watu sababu ya kukaa Dodoma sasa linasukumwa na watu waliokuja kukaa Dodoma. Simlaumu yule kijana. Alinitajia hesabu ya kiwanja kimoja na mimi mwenyewe nikanyamaza. Mzee hakunyamaza. Alisema misheni ilimpa baba yake kazi ikaacha, kampuni ya Serikali ikampa yeye bei ikafa, wanunuzi wa sasa wanakuja na kuondoka na magari mapya, na katika yote hayo kitu kilichobaki mahali pake ni mizizi hii. "Wewe unaandika historia ya taasisi," akaniambia. "Andika hii ekari."

Nimejaribu. Aliponiaga alikata tawi, akalifunga kwenye gunia lenye maji, akanielekeza kulipanda, kana kwamba hakunisikia nilipomweleza juu ya Kyela. Labda alinisikia. Mkewe alicheka, akaongeza kichala kimoja cha kula njiani, nacho kikaisha kabla ya Mtera.

Tawi lilishika. Nililipanda Ndandalo kando ya jiko la mama, mahali penye mteremko ili maji yasituame, na mwezi wa tatu lilikuwa limepita dari. Mama aliliangalia akasema, "Ndaga, mwanangu, umetuletea kivuli." Majani ni mapana kuliko yale ya Dodoma, ya kijani kibichi kama ya kiazi, na kwa chini yana unga mweupe niliokwisha kuutambua. Kuku wanalala chini yake mchana. Mwaka wa pili kilitoka kichala kimoja, punje zikavimba, zikapasuka kwa mvua ya Aprili kabla hazijapata rangi, nyigu wakamaliza.

Yule mzee hupiga simu mara kwa mara, na huuliza jambo lile lile.

"Umeukata?"

"Bado, mzee. Mvua haijaacha."

"Sisi huku haijaanza," anasema, na tunabaki kimya kidogo kwenye simu, mimi nikisikiliza bati letu na yeye, nadhani, akilisikiliza pia.